Mteremko Kibla

Nyumbani kwetu mtu akivaa fulana ndani nje, au akitia betri za redio kichwa chini, huambiwa, "Hiyo ni pistoni ya babu." Watoto hucheka, wajukuu hucheka, na mke wangu, ambaye babu huyo ni baba yake mzazi, hucheka kwa upole, kwa namna mtu anavyomkumbuka marehemu kwa kasoro yake ndogo. Mimi nami hucheka. Nimekicheka kicheko hicho zaidi ya miaka arubaini, na kila mara masikio yangu yamepata moto kwa haya. Pistoni ile hakuiweka babu. Niliiweka mimi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya, na vijana wenye nafasi wa Mombasa walikuwa wameingiwa na wazimu wa viboti vya mbio. Viboti vyenyewe vilikuwa vya kuchekesha: mbao nyembamba, urefu wake umezidi mlango kidogo tu, mtu mmoja anapiga magoti ndani, na nyuma imepachikwa mashine ya petroli. Mashine hizo zilishuka Kilindini ndani ya masanduku, zimetengenezwa kwa ajili ya watu watulivu wanaokwenda kuvua siku ya mapumziko. Kazi yetu sisi ilikuwa kuzitia kichaa.

Nasema sisi, lakini fundi alikuwa mmoja, naye ni baba mkwe wangu. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yake Mji wa Kale, chumba ambacho zamani kiliwekwa magunia ya viungo, na mpaka leo nikisikia harufu ya bizari na petroli pamoja hujiona nimesimama pale. Mimi mchana nilikuwa fundi wa malori katika gereji moja Shimanzi. Nikitoka kazini nilikwenda kwake, tukafanya kazi mpaka magharibi. Nilifanya hivyo miaka mitatu, na kila nilichokijua kuhusu mashine za mbio nilikipata kwake.

Aliifungua mashine mpya yote, akaipanga juu ya ungo kipande kwa kipande. Kisha ikaja kazi ya tupa. Ndani ya silinda mna madirisha, moja la kuingizia petroli na moja la kutolea moshi, na yeye aliyapanua kwa kiasi cha unywele, akapitisha msasa, akapitisha kidole, akapitisha msasa tena. Alikwangua pistoni kwa ndani ili iwe nyepesi. Alipunguza kifuniko cha silinda ili petroli ibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Mwisho alichanganya petroli na mafuta ya mbarika, kwa kipimo ambacho hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mimi, na harufu yake iliganda nguoni hata mke wangu akawa anafua nguo zangu mbali na za wengine. Mashine ikitoka kwake ilikuwa kitu kingine. Ilipiga kelele moja kali iliyonyooka, na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba yake mtaa wa tatu alijua ni kazi ya nani.

Na haya yote aliyafanya akiwa karibu kipofu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Aliona mwanga wa mlango na vivuli vya watu, basi. Waliojua ni wachache, maana ndani ya karakana hakugusa kitu akakikosa. Alikuwa na utaratibu wake. Kigogo cha kufungia mashine kilikuwa cha mvule, kimechimbiwa sakafuni hakisogei, na alikichimbia kwa makusudi hivi kwamba mashine ikifungwa, upande wa kutolea moshi ulielekea kibla. Pistoni za mashine zile zilikuwa na kilima kichwani: upande mmoja umesimama wima kama ukuta, upande wa pili una mteremko. Ukuta lazima uelekee dirisha la kuingizia, mteremko uelekee dirisha la moshi. Ukigeuza, umeharibu. Yeye hakunifundisha kwa maneno marefu hayo. Kila nilipoishika pistoni alisema maneno mawili tu, "Mteremko kibla," nami nikaiweka. Miaka mitatu sikupata kufikiri zaidi ya hapo, kwa kuwa haikuhitajiwa.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na hofu. Baba yake alikuwa akipika chai kwenye stovu ya mafuta ya taa, na petroli iko hatua nne. Wateja wawili walikuwa wameshanong'ona kwamba mzee haoni. Siku moja akateremka ngazi, akasimama mlangoni mwa karakana na kanga yake kichwani, akasema mbele yangu, "Baba, mato hayo hayaoni tena. Sitaki kuya hapa asubuhi nikakukuta umeungua. Nipe ufunguo."

Mzee hakukasirika. Alikuwa anafunga mashine ya kijana mmoja mwenye duka la vitambaa, iliyokuwa ishindane Jumapili ile. Akafuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mashini hini ikenda ikarudi Jumapili," akasema, "msinitajie tena mato yangu. Isiporudi, ufunguo ntakupa mwenyewe, mkononi mwako, na sitakuuliza tena."

Wakakubaliana, na mimi nilikuwa shahidi. Nilijua kabisa kilichotegemea ile mashine. Nasema hivi ili mtu asije akanipa udhuru ambao mimi mwenyewe sikuwa nao.

Alhamisi akaimaliza. Akapitisha vidole kila mahali, akaniambia, "Imetosha. Tupa iweke chini." Hakupenda kuwasha mashine ya mbio ndani ya pipa la maji karakanani, alisema itawashwa baharini inakofanyia kazi. Basi ikakaa pale, imefungwa kwa kitambaa, tayari.

Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimechoka kuitwa mkwe wa fundi. Wiki mbili kabla, Mzungu mmoja alileta mashine yake gerejini kwetu, nikachungulia ndani nikaona madirisha makubwa kuliko yetu. Nikajiambia mzee amekuwa mwoga kwa sababu haoni. Nikajiambia nikiongeza tupa kidogo tu, boti itapaa, na baadaye, mzee akishapongezwa, nitamnong'oneza mwenye boti kwamba mkono wa mwisho ulikuwa wangu. Ndivyo nilivyopanga. Ujinga wa kijana una aina nyingi, na wangu ulikuwa wa kutaka sifa ambayo ilikuwa imeshapikwa na mtu mwingine.

Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, nikamwambia mzee naipeleka mashine kwa mwenyewe ikafungwe mapema. Nikaipakia kwenye lori la gereji, nikaenda nayo Shimanzi. Gereji ilikuwa imefungwa, mlinzi akanifungulia kwa kuwa ananijua. Nikaibana mashine kwenye meza ya jiriwa iliyokuwa kwenye ukuta wa nyuma, nikafungua silinda ya chini, maana mashine ile ilikuwa na mbili, moja juu ya nyingine, nikatoa pistoni, nikaanza tupa. Nilikusudia kuzifanya silinda zote mbili. Nilipomaliza moja tu, jua lilikuwa limekwisha kupinda na adhana ya alasiri ikaadhiniwa.

Nikasali. Kila siku tulikuwa tukisali pembeni pale penye magurudumu ya zamani, tukielekea mlango mkubwa. Nikatoa salamu, nikainuka haraka, maana mashine ilikuwa bado ifikishwe kwa mwenyewe na lori lirudi mahali pake, na nikaacha silinda ya pili kama ilivyokuwa. Nikaishika pistoni. Mkono wangu ukafanya ulichozoea. Mteremko kibla. Nikaugeuza mteremko kuelekea mlango mkubwa, nikabana ringi zake za chuma, nikaisukuma ndani, nikafunga kila kitu. Nilifurahi hata nikapiga mluzi. Wala halikunipitia kichwani kwamba pale mashine ilikuwa imefungwa upande mwingine, tundu lake la moshi limeelekea ukuta wa nyuma na mgongo wake ndio uliotazama kibla. Kule karakanani kibla na moshi vilikuwa kitu kimoja. Shimanzi havikuwa.

Jumapili watu walijaa kwenye kuta za bandari ya zamani, wanaume kwa watoto, na juu madirishani wanawake nyuma ya mapazia. Mzee alivaa kanzu ambayo binti yake aliipiga pasi mara mbili. Nilimshika mkono kushuka ngazi za majini, akijifanya ananishika mimi. Mwenye boti akavuta kamba ya mashine, mara moja, mara mbili, ikawaka.

Mzee akainamisha kichwa. Akasikiliza kwa muda, kisha akanivuta kanzu.

"Sikiza. Hini si sauti yake."

Na kweli, ilikuwa na mtetemo ndani yake, kama mtu anayeongea na kitu mdomoni. Nami niliusikia. Nilidhani ni kwa sababu silinda moja nimeipanua na nyingine sikuipanua, na nikaogopa kwamba nikisema hivyo itajulikana nilikwenda nayo Shimanzi.

"Ni petroli, baba," nikamwambia. "Leo tumepata ya kituo kingine."

"Haya," akasema. "Wewe waona. Mimi sioni."

Boti ilizunguka mzunguko wa kwanza ikiwa mbele. Watu wakapiga makelele, na mimi, mja wa Mungu, nikapiga makelele zaidi yao. Mzunguko wa pili, boti ikiwa mbele yetu kabisa, tukasikia mlio wa chuma kukwaruza chuma, kisha kimya. Boti ikainamisha pua, kijana wa vitambaa akatupwa mbele akajigonga kifua, akakaa pale ameshika mbavu huku wenzake wakimpita. Wakaja kumfunga kamba wakamvuta mpaka ngazini. Nyuma yetu mtu akasema, wala hakunong'ona, "Kipofu na mashine, wapi na wapi?" Mzee alisikia. Nilijua amesikia kwa kuwa mkono wake, uliokuwa begani mwangu, uliondoka.

Mashine tuliirudisha karakanani mchana ule ule. Nikaifunga kwenye kigogo. Mzee akaketi kwenye kibao chake karibu na mlango, akasema, "Fungua wewe." Nikafungua. Nilipotoa kifuniko cha silinda ya chini nikaona. Mteremko wa pistoni ulikuwa unatazama mlango. Ukuta wake ndio ulioelekea kibla. Ncha za ringi, ambazo zingepaswa kupita penye chuma kizima, zilikuwa zinapita juu ya dirisha nililolipanua kwa tupa yangu. Zimenasa, zimevunjika, zimechana silinda juu mpaka chini. Na hapo hapo nikaiona meza ya Shimanzi, na mlango mkubwa, na msala wangu, nikaelewa kila kitu.

"Nini?" akauliza.

Nilikuwa na muda wa kusema. Hakuna aliyenikimbiza. Nikasema, "Pistoni ya chini, baba. Imekaa kinyume."

Akaifungua mikono yake juu ya magoti, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango kama anayetaka kuiona.

"Nili na hakika," akasema. "Wallahi nili na hakika."

Nikaendelea kufuta kifuniko cha silinda kwa kitambaa.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea mashine. Alitaka kugusa. Na mimi nilijua kwamba kidole chake kikiingia ndani ya silinda ile, kikipita mara moja tu kwenye ukingo wa dirisha, kitajua kuwa si tupa yake. Vidole vile havikudanganyika. Nikamshika mkono hewani, kwa adabu, kwa upole kabisa.

"Usiguse, baba. Ringi zimevunjika, zitakukata."

Na zingemkata kweli, ndiyo maana uongo ule ulinitoka kwa urahisi. Akaurudisha mkono wake magotini. Mambo mengine yote ya siku zile ningeweza kuyaita kosa, haraka, ujana. Hilo la kumshika mkono siwezi kuliita chochote isipokuwa jina lake. Lilikuwa khiyana.

Akamwita binti yake. Aliposhuka, mzee akatoa ufunguo kwenye mfuko wa kanzu, akautafuta mkono wa mke wangu, akaubonyeza ndani ya kiganja chake na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Mke wangu akalia, akambusu mkono. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nakusanya spana. Nilizipanga zile spana kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa, nikazipanga upya.

Baada ya pale wateja walinifuata mimi. Niliwakatalia miezi michache, kisha sikukataa. "Afadhali wewe waona," waliniambia, na nilizoea kuitikia. Kijana wa vitambaa mwenyewe alirudi. Nilitumia kipimo kile kile cha mafuta ya mbarika, tupa zile zile. Nikapata jina. Tofauti ni kwamba tangu siku ile, kabla ya kuweka pistoni yoyote, niliweka kidole kwenye tundu la moshi kwanza. Mzee naye, siku zangu za mwanzo kabisa, aliwahi kuniambia kuwa kibla ni kwa ajili yake, kwa sababu ya macho, na mwenye kuona aangalie tundu. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Mwaka wa pili yake wanawe wakamchangia kwenda kuhiji. Kama ilivyo ada, kabla ya safari alipita kwa jamaa na majirani kutaka radhi, nyumba kwa nyumba, akiongozwa. Kwetu alikuja mchana, mke wangu yuko jikoni. Nikamketisha. Akaniomba nikae karibu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono ambayo sasa ilikuwa safi, kucha hazina hata doa la mafuta.

"Mwanangu," akasema, "ile mashini. Wewe ulikuwa wataka kuinuka, watu wakutazama, na mimi kwa kiburi changu na mato yangu nikakufedhehesha mbele ya mji mzima. Sijapata kukwambia. Nataka radhi zako."

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Lakini nikafikiri: nikimwambia sasa, mtu yuko njiani kwenda kwa Mola wake, nitamtia uchungu. Nikajivisha huruma ambayo haikuwa huruma, nikamwambia, "Nimekuwia radhi, baba." Akashukuru. Akaniombea dua hapo hapo, mimi na kizazi changu, nami nikaitikia amina.

Alirudi salama, akaishi miaka minne zaidi. Miaka minne ya kukutana naye karibu kila siku. Alikaa ndani juu, vidole vyake vikitafuta cha kufanya: bawaba ya dirisha, kitasa, redio ya mtu. Kisha akafariki, nikawa miongoni mwa walioteremka kaburini kumpokea. Nilimlaza ubavu wake wa kulia, uso wake nikauelekeza kibla. Hapo sikukosea.

Mwaka huu mtoto wa jicho amenianza mimi. Juzi nilitia ufunguo wa mlango juu chini, nikahangaika nao, na mke wangu akacheka akasema, "Haya, pistoni ya babu hiyo." Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa kuwa ulikuwa ufunguo. Nikamwambia akae, nikamweleza yote: gereji, tupa, sala ya alasiri, sauti ngeni ngazini, mkono wa baba yake nilioushika hewani. Nilisema kwa muda mrefu bila kumtazama.

Nilipomaliza akauliza, "Na siku aliyokuja kukutaka radhi?"

"Nilimwambia nimemwia."

Jikoni maji ya chai yalikuwa yanachemka, hakuna aliyeinuka.

"Alisema hataniuliza tena ule ufunguo," akasema mwisho. "Aliniuliza mara tatu. Mara ya mwisho alinambia ataka kukaa ndani tu, asikie harufu, hatagusa kitu. Nikamwambia, baba, huna mato, umesahau ulivyomfanyia mwana wa watu kwenye boti?"

Magharibi ikaadhiniwa. Tangu tuoane, sala tunazosali nyumbani mke wangu hutandika misala miwili, wangu mbele na wake nyuma, nami namsalisha. Aliinuka, akatia udhu, akarudi na mtandio wake. Akatandika msala mmoja, wake.